Picha za Kale za Miti ya Dawa



Tuseme yuko mama mmoja katika Lumuma, kule Kilosa, chini ya milima ya Rubeho, mahali pajulikanapo kwa mashamba ya vitunguu. Mtoto wake mdogo ana upele, naye jirani amemwambia kwamba majani ya mwarobaini yakichemshwa na mtoto akaoshwa kwa maji yake, huenda akapata nafuu. Basi mama amwita mwanawe mkubwa, amwambia, “Nenda, mwanangu, ukanitafutie majani ya mwarobaini.” Kijana aitika, “Vema, mama,” ashika njia. Baada ya muda kitambo arudi na kikapu kimejaa majani na matunda madogo ya manjano. Mama ayatazama, aona ni majani membamba yenye ncha kama meno ya msumeno, ashukuru, ayatia chunguni.

Lakini kikapuni hamna mwarobaini. Mna majani ya mti mwingine wa ukoo huo huo, ambao wataalamu huuita Melia azedarach. Mti huu nao umepandwa mahali pengi kwa kivuli chake na kwa maua yake ya zambarau, na watu wengine huuita kwa jina hilo hilo la mwarobaini. Kijana si mpumbavu wala mvivu; alimwuliza mtu njiani, akaonyeshwa, akachuma. Na kama mama ataosha upele tu, labda hapana neno. Ila yale matunda ya manjano yana sumu, na mtu akiyasaga akayanywa kwa kudhani kwamba ni dawa, aweza kutapika, kutetemeka, hata kufa.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya swali hili: mtu aujuaye mti atawezaje kuutia machoni mwa mtu asiyeujua? Njia ya kwanza ni kufuatana naye msituni na kumwonyesha kwa kidole, nayo ndiyo njia ya wazee wetu, wala sioni iliyo bora kuliko hiyo. Lakini mzee hufa, na mwanafunzi huhamia mbali. Njia ya pili ni kueleza kwa maneno. Lakini jaribuni wenyewe kumweleza mtu wa Ulaya mbuyu ulivyo, naye hajauona, mtaona jinsi maneno yanavyokwisha upesi. Njia ya tatu ni picha. Watu wa Ulaya na wa nchi za mashariki wameishughulikia njia hii ya tatu kwa muda wa miaka elfu mbili, na katika safari hiyo walipotea mara nyingi.

Mmoja wa kwanza kunung’unika juu ya picha za dawa alikuwa Mrumi, jina lake Pliny, aliyekufa mwaka wa 79 wakati mlima wa moto wa Vesuvius ulipolipuka. Yeye asimulia habari za Wayunani watatu, Crateuas, Dionysius na Metrodorus, ambao walikuwa wakichora kila mmea kwa rangi na chini yake kuandika nguvu zake. Pliny asema kwamba kazi hiyo inapendeza lakini inadanganya. Rangi za mimea ni nyingi mno, na wanaonakili picha ni wazembe. Tena, asema, haitoshi kuuchora mmea kwa namna moja, kwa kuwa hubadili sura yake mara nne kwa mwaka. Neno hili nawaomba mlishike. Mkulima wa Lumuma alijua vema: kitunguu kilichochipua jana na kitunguu kilichotoa ua, mgeni hawezi kudhani kwamba ni kitu kimoja.

Katika siku zile zile za Pliny aliishi tabibu mmoja Myunani, Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliandika kitabu cha dawa chenye mimea karibu 600, na kitabu hicho kikatawala utabibu kwa muda wa miaka 1500. Katika karne ya tisa kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad na Istifan bin Basil, na bwana wake Hunayn bin Is-haq akakisahihisha. Basi Mkristo wa Roma, Mwislamu wa Damasko na Myahudi wa Hispania, wote walikuwa wakisoma chuo kimoja cha dawa. Sisi nasi tukumbuke kwamba maneno yetu dawa, tabibu na maradhi yametoka katika lugha ile ile ya wasomi wa Baghdad.

Nakala iliyo maarufu kuliko zote za kitabu hicho ilifanywa katika Konstantinopoli kama mwaka wa 512, ikawa zawadi kwa bibi mmoja wa kifalme, Anicia Juliana. Sasa imehifadhiwa katika mji wa Vienna. Ndani yake mna picha karibu 400 za mimea, zimechorwa kwa rangi, nyingine kwa uzuri hata mtu aweza kudhani mchoraji alikuwa na shina lenyewe mezani pake. Pembeni mwa picha, watu wa zamani za baadaye wameandika majina kwa Kiarabu na kwa Kiebrania, kila mwenye kitabu akitaka kujua mmea ule kwao unaitwaje. Hata leo mtu akipekua kurasa hizo aona jinsi kila mmoja alivyopigana na shida ile ile ya kijana wetu wa Lumuma: jina ni hili, lakini je, mti ni huu?

Halafu ukaja ubaya. Siku zile hapakuwa na chapa, basi kila picha ilinakiliwa kwa mkono, na nakala ya nakala ikanakiliwa tena. Ni kama habari inayotoka Kilosa kwa mdomo: ikifika Mpwapwa ng’ombe mmoja amekuwa kumi. Mnakili hakwenda kuutazama mmea, alitazama karatasi ya mwenzake. Jani lenye meno likawa laini. Matawi yakapangwa sawasawa kushoto na kulia kama mapambo ya kanga. Mizizi ikageuzwa kuwa nyoka au watu. Hasa ule mzizi wa mandragora, ambao mara nyingine hugawanyika kama miguu miwili, ulichorwa kama mwanamume mwenye ndevu au mwanamke mwenye nywele, na watu wakaambiwa kwamba ukingolewa hupiga kelele za kumwua aliyeung’oa, kwa hiyo afungwe mbwa auvute. Hata mwaka wa 1597 mtunza bustani mmoja wa London, John Gerard, alipoandika kitabu chake, aliona haja ya kuwaambia watu kwamba yeye na watumishi wake wameichimba na kuipanda upya mimea hiyo mara nyingi, wala hawakuona mtu wala hawakusikia kelele.

Mabadiliko yalianza mwaka wa 1530, katika mji wa Strasbourg. Otto Brunfels alitoa kitabu chenye picha zilizochorwa na Hans Weiditz, na huyu Weiditz alifanya jambo ambalo laonekana dogo, kumbe ni kubwa. Alichora mmea uliokuwa mbele yake. Kama jani limeliwa na wadudu, alilichora limeliwa. Kama shina limevunjika au ua limenyauka, alilichora hivyo hivyo. Jambo la kuchekesha ni kwamba maneno ya Brunfels mwenyewe yalikuwa bado ya kale. Alikuwa akitafuta katika mashamba ya Ujerumani mimea ile ile ambayo Dioscorides aliiona katika nchi za joto, na isipopatana alitaabika sana. Picha ilisema kweli, na maandiko kando yake yalisema habari za nchi nyingine.

Miaka kumi na miwili baadaye, yaani mwaka wa 1542, tabibu Leonhart Fuchs alipiga chapa kitabu chake katika mji wa Basel, chenye picha zaidi ya 500. Mafundi wake walikuwa watatu. Albrecht Meyer alichora mmea ulio hai. Heinrich Füllmaurer aliihamisha picha juu ya ubao. Veit Rudolf Speckle aliuchonga ubao kwa kisu, akiondoa kila mahali pasipokuwa na mstari, hata mistari ikabaki imeinuka kama mihuri. Ubao ulipakwa wino, ukakandamizwa juu ya karatasi. Fuchs aliwapa mafundi hawa heshima ambayo mafundi wa siku zile hawakuizoea: mwisho wa kitabu ziko sura zao wote watatu, wakiwa kazini, na majina yao.

Fuchs alikuwa na shauri lake juu ya lile neno la Pliny. Alitaka kila mmea uchorwe wote, tangu mzizi hata mbegu, na mara nyingine katika tawi moja huonekana ua na tunda kwa pamoja, jambo ambalo shambani halitokei siku moja. Alimchora mzee na mtoto katika mwili mmoja, kusudi msomaji autambue mmea kila atakapoukuta. Tena alimkataza mchoraji kuonyesha ufundi wake kwa vivuli na madaha, kama vingeficha umbo la kweli. Mimi naona hii ndiyo siri ya picha ya dawa. Haitakiwi ipendeze kwanza. Yatakiwa isimwue mtu.

Na katika kitabu hicho hicho mna picha ambayo kila mtu wa Kilosa angeitambua mara moja: mhindi, na mizizi yake na masuke yake na magunzi yake. Fuchs aliuita nafaka ya Kituruki, akadhani umetoka nchi za Asia. Sisi twauita mahindi, kama kwamba umetoka Bara Hindi. Kumbe wote tumekosea, maana umetoka Amerika, nao ulikuwa umefika Ulaya miaka hamsini tu kabla ya kitabu kile. Picha ilikuwa sahihi ingawa jina halikuwa sahihi. Na kwa sababu picha ilikuwa sahihi, leo twaweza kulisahihisha jina.

Chapa haikumaliza makosa yote. Yule Gerard niliyemtaja hakuchongesha mbao zake mwenyewe. Kitabu chake kina picha kama 1800, na karibu zote zilipigwa kwa mbao zilizotoka Frankfurt, zilizokwisha tumika katika kitabu cha mtu mwingine. Basi mara kwa mara aliweka ubao wa mmea huu chini ya jina la mmea ule. Fikirini hatari yake: picha nzuri, iliyochongwa na fundi hodari, imekaa mahali pasipo pake. Mnakili mzembe wa zamani alitoa picha mbaya ambayo kila mtu aliweza kuitilia shaka. Lakini picha nzuri isiyo mahali pake, nani ataitilia shaka?

Mwuza dawa mmoja, Thomas Johnson, alikisahihisha kitabu hicho akakitoa upya mwaka wa 1633. Johnson alikuwa mtu wa kutazama. Mwezi wa Aprili mwaka huo alipata mkungu wa ndizi uliotoka kisiwa cha Bermuda, akautundika dukani mwake London, watu wakaja kuushangaa. Alingoja mpaka ukaiva, akaonja, akaandika ladha yake, na picha ya mkungu ule akaitia kitabuni. Ndizi, ambayo kwetu mtoto anayetambaa aijua, kwao ilikuwa ajabu ya kuchorwa. Nalisema hili kusudi tusidhani kwamba picha za mimea ni za vitu vigeni tu. Mmea uliozoeleka hapa ni mgeni pengine, na asiyeujua ataujua kwa karatasi.

Baada ya ubao likaja bamba la shaba. Fundi alichora mistari kwa chuma chenye ncha, wino ukaingia katika mifereji, na mistari ikawa myembamba kama unywele. Sasa hata manyoya madogo ya jani yaliweza kuonekana. Na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa nataka kusimulia habari za mwanamke mmoja.

Elizabeth Blackwell alikuwa mke wa Alexander Blackwell, mtu mwenye elimu lakini asiye na bahati, au labda asiye na busara. Alifungua nyumba ya kupiga chapa katika London bila kutumikia miaka ya uanafunzi kama sheria ya chama cha wapiga chapa ilivyotaka. Akatozwa faini, akaingia katika deni, akafungwa gerezani kwa ajili ya wadai wake. Elizabeth akabaki peke yake, hana fedha. Alisikia kwamba matabibu wanahitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa, kwa sababu mimea mingi mipya ilikuwa imekwisha fika kutoka Amerika na Asia. Yeye alijua kuchora. Basi alipanga chumba huko Chelsea, karibu kabisa na bustani ya dawa ambayo chama cha wauza dawa kiliianzisha mwaka wa 1673, akaenda kila mara kuchora mimea hai.

Alichora mwenyewe. Alichonga mabamba ya shaba mwenyewe, kazi ambayo kwa desturi hufanywa na fundi mwingine wa kulipwa. Kisha alizipaka rangi picha zilizopigwa chapa, moja moja, kwa mkono wake. Karatasi zilizokuwa tayari alimpelekea mume wake gerezani, naye akamwandikia majina ya mimea kwa lugha mbalimbali. Kila juma zilitoka picha nne, na tangu mwaka wa 1737 hata 1739 zikawa 500. Kwa fedha zile deni likalipwa, Alexander akatoka kifungoni. Ningependa kuwaambieni kwamba waliishi raha mustarehe. Haikuwa hivyo. Alexander alikwenda Sweden, akaingia katika mambo ya fitina ya ufalme, akakatwa kichwa mwaka wa 1747. Mkewe alikufa mwaka wa 1758. Picha zake zilichongwa upya na kuongezwa huko Nuremberg, na matabibu wa Ujerumani wakazitumia kwa miaka mingi baada ya wote wawili kuzikwa.

Ukizitazama leo utaona mpango ule ule wa Fuchs, ila kwa usafi zaidi: katikati limesimama tawi, na chini, kando kando, ua limekatwa wazi, mbegu iko peke yake, na vipande hivyo vimetiwa namba. Mtu mwenye mmea mkononi aweza kuupasua na kulinganisha kipande kwa kipande.

Kulinganisha huko kulikuwa na maana ya uzima na mauti. Uko mmea wa Ulaya wenye maua ya zambarau yanayoning’inia kama vifuniko vya vidole. Fuchs ndiye aliyeupa jina la Digitalis, kutoka neno la Kilatini la kidole. Katika mwaka wa 1775 tabibu mmoja Mwingereza, William Withering, aliulizwa shauri lake juu ya dawa ya siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, ambayo iliponya watu waliovimba mwili baada ya matabibu wengine kushindwa. Dawa ile ilikuwa mchanganyiko wa mimea ishirini au zaidi, kama zilivyo nyingi za waganga wetu. Withering aliitazama, akatambua kwamba nguvu imo katika mmea mmoja tu, ndio huo Digitalis. Alijaribu kwa wagonjwa wengi kwa muda wa miaka kumi, akipima kiasi, akiandika waliopona na waliokufa, na mwaka wa 1785 akatoa kitabu chake. Mwanzo wa kitabu aliweka picha ya rangi ya mmea wenyewe. Hakuiweka kwa urembo. Majani ya Digitalis, kabla ya maua kutokea, yafanana sana na majani ya mmea mwingine uitwao Symphytum, ambao Wazungu walikuwa wakiutumia kama chai. Na wako watu waliokunywa jani la moyo wakidhani ni chai, wakafa. Dawa iliyotokana na jamaa wa mmea huo yatumiwa hata leo hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, nayo hupimwa kwa vipande vidogo mno vya gramu.

Sasa turudi kwetu.

Mwaka wa 1857 Richard Burton na John Speke walipita Usagara wakielekea Tanganyika, na Burton aliandika juu ya kituo alichokiita Rumuma, mahali ambapo misafara ilipenda kupumzika kwa kuwa chakula kilipatikana. Rumuma ndiyo Lumuma. Miaka mitatu baadaye Speke alirudi kwa safari ya pili pamoja na James Grant, nao wakapita tena katika milima ya Usagara. Grant hakuwa msomi wa mimea kwa kazi yake, alikuwa askari. Lakini alikuwa na jicho na kalamu, na kila alipopita alichuma matawi, akayakausha katikati ya karatasi, akaandika mahali, rangi ya ua, na mara nyingi jinsi wenyeji walivyoutumia mmea ule, kwa chakula, kwa kamba au kwa dawa. Vifurushi vile vilichukuliwa kwa vichwa vya wapagazi, ambao majina yao mengi hayakuandikwa, katika mvua na mito, mpaka Misri, halafu Kew karibu na London.

Huko Kew Daniel Oliver aliipanga na kuieleza, na picha zikachorwa na Walter Hood Fitch, mtu aliyechora katika maisha yake karibu picha elfu kumi zilizopigwa chapa. Mzigo wa Fitch ulikuwa mgumu kuliko wa Elizabeth Blackwell. Yeye hakuwa na bustani, alikuwa na majani makavu. Ua lililokauka hulowekwa katika maji ya moto mpaka lilainike, kisha hufunuliwa kwa sindano chini ya kioo cha kukuzia, na mchoraji hulazimika kulirudishia uhai kwa akili yake. Fitch aliweza hata kuchora moja kwa moja juu ya jiwe la chapa, pasipo kuandika kwanza kwenye karatasi. Kazi ile ilitoka kati ya mwaka wa 1872 na 1875 katika kumbukumbu za Chama cha Linnaeus cha London, ikiwa na picha 136. Basi katika vitabu vikubwa vya kale vya Ulaya mimea ya njia ya Usagara nayo imo, imechorwa na mtu ambaye hakukanyaga nchi hii.

Huyu Grant alijifunza habari za dawa zetu hata katika mwili wake. Alipokuwa Karagwe kwa Mfalme Rumanika, mguu wake uliharibika kwa uvimbe na majipu, goti likapinda, akalala kwa miezi mingi asiweze kutembea. Wenyeji walimhurumia, wakamjaribia dawa mbalimbali, mojawapo ikiwa ni kukanda mguu kwa samadi ya ng’ombe, chumvi na matope ya ziwa. Mwezi wa Aprili 1862 aliondoka akibebwa kwa machela. Aliyaeleza haya kwa uaminifu katika kitabu chake cha 1864, na kwa maelezo hayo matabibu wa siku zetu wamedhani kwamba alikuwa na kidonda kile ambacho sasa huitwa kidonda cha Buruli, kwa jina la jimbo la Uganda. Aliyetazama vizuri na kuandika vizuri aweza kuulizwa tena baada ya miaka mia na zaidi.

Katika nchi zetu hatari ya kukosea mmea haijaondoka. Mnautambua mnanaha, ule wenye ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Nao ni mgeni kutoka Amerika, na Gerard aliupanda katika bustani yake. Mbegu zake zikichanganyika na nafaka, mlaji hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, huweweseka asijue aliko. Huko Usangi, katika Upare, watu waliokula chakula chenye mbegu hizo waliletwa hospitali kwa wingi, na habari zao zikachapishwa mwaka wa 1991 ili matabibu wajifunze. Mwaka wa 2019 katika Karamoja ya Uganda chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu ya namna hiyo kiliwaumiza watu karibu 300, na wengine wakafa.

Kazi ya kuandika mimea yetu imefanyika, tena si ndogo. Orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa mwaka wa 1952, ikamalizika mwaka wa 2012, ikiwa na mimea zaidi ya 12,000 na michoro mingi ya wino. Profesa John Kokwaro wa Kenya alitoa mwaka wa 1976 kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, chenye majina ya lugha zetu. Muhimbili ilianzisha idara ya kuchunguza dawa za asili mwaka wa 1974, na Bunge la Tanzania likatunga sheria ya tiba asili mwaka wa 2002. Lakini vitabu hivyo ni ghali, na vingi ni kwa Kiingereza. Mzee wa Lumuma ajuaye mti kwa jina la Kisagara hawezi kuuona humo, na mjukuu wake aliye shuleni Kilosa hajui jina la Kisagara la kuuliza.

Kwa hiyo, walimu na vijana, nawaelezeni namna ya kuanza, maana haihitaji shaba wala jiwe. Nendeni pamoja na mzee, naye awe radhi; kama hataki kusema dawa yake, msimlazimishe, ni mali yake. Chumeni tawi lenye majani, na ua au tunda kama lipo. Lilazeni ndani ya gazeti kuukuu, wekeni juu yake ubao na mawe, na gazeti mlibadili kila siku mpaka tawi likauke, lisije likaoza. Kabla halijakauka, lichoreni, kwa maana rangi hupotea. Andikeni siku, mahali, urefu wa mti, rangi ya ua, harufu ya jani likivunjwa, na jina kwa kila lugha mliyoisikia, pamoja na jina la aliyelisema. Mkirudi mwezi mwingine mkakuta ua limekuwa tunda, lichoreni katika karatasi ile ile.

Na kama mti ni mwarobaini, msichore kijani kimoja tu. Choreni jani zima mpaka pale linaposhikana na tawi. Katika mwarobaini wa kweli vijani vyote vimepangwa kulia na kushoto kwa kikonyo kimoja, kama unyoya. Katika ule mwingine, kikonyo hicho chenyewe hutoa vikonyo vingine, na vijani hukaa juu ya hivyo. Ua la kwanza ni jeupe, la pili la zambarau. Tunda la kwanza ni refu kidogo kama zeituni. La pili ni la mviringo, nalo hubaki juu ya mti hata majani yakiisha pukutika. Karatasi moja yenye miti hiyo miwili kando kando, ikibandikwa ukutani mwa shule au penye mlango wa zahanati, kijana wetu wa Lumuma angeitazama mara moja kabla ya kuchukua kikapu.